Mama wa makala analipa, mto Panda haulipwi

Mu mji wetu wa Likasi, mtu anayejua neno "mazingira" kupita wote si profesa wala waziri. Ni mama wa makala. Analijua juu analilipaka. Kiloba chake kikitoka pori kinapita barieri moja, kisha ingine, na kati ya karatasi anazopewa (kama anapewa karatasi) kuko ile ya service ya mazingira. Akifika ku soko anaongeza ile franka juu ya bei. Wewe unayenunua fungu la makala kwa kupika bukari, wewe njo unamaliza kulipa.

Upande mwingine wa mji kuko mto Panda. Unapita chini ya Shituru, unabeba maji ya kiwanda, unaingia mu Lufira, na Lufira inaingia mu ziwa Tshangalele, kule samaki wetu wanatoka. Miaka karibu mia moja mto ule unafanya kazi ya mufereji. Mshahara wake haujalipwa.

Ndugu wasomi, mu maandiko haya nataka tuangalie kodi za mazingira pamoja. Wengi kati yetu wakisikia neno hilo wanagawanyika mara moja. Kuko wanaosema: "Kodi ingine tena? Batu banakufa na njala!" Kuko wanaosema: "Lazima tulinde pori, mambo ya bei tutaona kisha." Mimi nilisoma agronomia, si uchumi, lakini udongo na maji njo kazi yangu, na pale kodi hizi zinaanguka ni ku udongo na ku sahani. Maoni yangu ni haya: kodi ya mazingira ni wazo nzuri ambalo kwetu limegeuzwa kichwa chini. Linamkamata asiye na njia ingine, na linamwacha mwenye nguvu ya kubadilika.

Wazo lenyewe

Mwaka 1920 mwalimu mmoja wa uchumi wa Cambridge, Uingereza, Arthur Cecil Pigou, alitoa kitabu The Economics of Welfare. Wazo lake tunaweza kulieleza na mfano wa kartie. Jirani anafungua garaji. Anamwaga mafuta machafu mu mufereji, na mufereji unapita mu bustani yako ya matembele. Matembele yanakufa. Mteja wa garaji anafurahi juu bei ni ndogo. Lakini bei ni ndogo kwa sababu gani? Kwa sababu sehemu ya gharama umeilipa wewe, na hakuna aliyekuuliza.

Pigou anasema: serikali iweke kodi yenye kulingana na hasara ile. Mwenye garaji atakuwa na njia mbili. Atalipa, ao atanunua pipa la kuwekea mafuta machafu ili asilipe. Kodi nzuri ni ile inayomsukuma kununua pipa. Ona vizuri: kodi ya mazingira ikifanya kazi sawasawa, pesa zake zinapunguka mwaka kwa mwaka, juu uchafu unapunguka. Serikali inayotaka pesa zile ziongezeke kila mwaka iko inakusanya kodi ya kawaida tu, na neno "mazingira" ni kofia.

Kwa hiyo mimi napimaka kodi yoyote ya namna hii na maswali matatu:

1. Inapima ubaya wenyewe, ao inapima kitu kingine?
2. Anayelipa ana njia ingine ya kufanya?
3. Pesa zinarudi wapi?

Tupitishe kodi zetu mu mtihani huu.

Makala

Swali la kwanza. Kiloba kilichotoka ku pori lililokatwa lote mpaka shina la mwisho, na kiloba kilichotoka ku miti iliyopandwa kwa kazi hiyo, ku barieri vinalipa sawasawa. Kwa hiyo kodi haipimi ubaya. Inapima kiloba.

Swali la pili njo linaumiza. Mama anapika na nini kama makala yanakuwa bei kali? Na umeme? Tuzungumze basi juu ya umeme. Mwadingusha iko karibu na sisi, ku Lufira. Bwawa lile limejengwa karibu 1930, na ziwa Tshangalele limezaliwa na bwawa lile. Kwa hiyo mto wetu, bonde letu, samaki wetu njo waliotoa nafasi. Kiwanda kile kilizeeka, kisha kikatengenezwa upya kwa mapatano kati ya SNEL na kundi la Ivanhoe, wenye mgodi wa Kamoa-Kakula upande wa Kolwezi, na mwaka 2021 mashine zake zilirudi ku laini, karibu megawati 78. Umeme ule unaingia ku laini ya taifa na unasaidia mgodi. Silaumu mtu aliyeleta pesa za kutengeneza mashine. Ninasema tu: megawati zinatoka kwetu, na mu kartie zetu kuran inakatika, na mama anarudi ku mbabula. Ukimwekea kodi mtu ambaye mulango mwingine umefungwa, hatabadilisha tabia. Atalipa na kunyamaza, ao atapunguza chakula.

Tufanye hesabu ya mfano, haiko bei ya soko. Tuseme kiloba ni 30.000 FC, na karatasi zote za njiani ni 3.000 FC. Ni asilimia 10. Mwenye mshahara mkubwa ananunua kiloba kizima, kwake 3.000 FC ni kama hakuna. Mwenye kuishi na kazi ya siku ananunua fungu kwa fungu, na kwa kilo moja analipa bei kubwa kupita yule tajiri, juu muuzaji wa fungu pia lazima apate kitu. Kodi imeingia mara moja, lakini imefika ku maskini ikiwa imenenepa. Wachumi wanasema kodi ya namna hii inarudi nyuma: kadiri mapato yako ni madogo, sehemu inayokatwa ni kubwa.

Swali la tatu: pesa zinarudi wapi? Mimi napenda kuona misitu. Nikitoka Likasi kuelekea Kambove ao Kapolowe, naangalia kando ya barabara. Miombo inakimbia, kila mwaka mbali zaidi. Kama pesa za viloba zingekuwa zinapanda miti, tungeona mistari ya miti. Agronome anajua mstari wa miti iliyopandwa, hauwezi kujificha.

Kwa hiyo makala: sufuri juu ya tatu.

Mto

Sasa tuangalie uchafu mkubwa. Likasi, tangu wakati wa Jadotville, ni mji wa shaba. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilijenga viwanda vya Shituru na Panda. Kisha 1967 vikaingia mu mikono ya sosiete ya taifa, ile tunayoita leo Gécamines. Ku Shituru shaba inatolewa mu mawe kwa asidi, kisha inashikwa kwa umeme. Asidi na vumbi la madini vinaacha taka, na taka hizo kwa miaka mingi zilifuata maji. Wachunguzi waliopima udongo wa chini ya ziwa Tshangalele walikuta shaba na kobalti nyingi sana. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa kazi yao juu ya mikojo ya watu wa Katanga: wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi mu mwili.

Niruhusuni nieleze kama agronome, juu hapa njo mambo ya uchumi yanageuka kuwa mambo ya sahani.

Udongo wetu wa Katanga kwa asili yake ni wenye asidi kidogo. Shaba iliyomo, kama udongo haujachafuka, inabaki imeshikana na udongo, haimsumbui mtu. Ukileta maji ya asidi, shaba inaachiliwa, inakuwa kama sukari mu chai: imeyeyuka, inatembea, mzizi unaikunywa. Mzizi wa mahindi ukikutana na shaba nyingi unakuwa mfupi na mnene, hauendi chini kutafuta maji. Mahindi yanakuwa ya manjano, na mkulima anafikiri ni upungufu wa mbolea. Ananunua mbolea, na mbolea zingine za azoti zinaongeza asidi mu udongo. Analipa mara mbili ili azidishe shida.

Kisha kuko mboga za majani. Lengalenga, sombe, matembele: mboga hizi hazifi upesi. Zinapendeza macho, zinauzwa, na zinabeba chuma kizito ndani yake. Mama hawezi kuona kobalti mu lengalenga. Hakuna harufu, hakuna rangi.

Hii njo hasara ya jirani ya Pigou, lakini jirani hapa ni bonde zima, kutoka Likasi mpaka Kapolowe. Mavuno yaliyopunguka, mbolea iliyonunuliwa bure, samaki waliopotea, siku za hospitali. Hizi zote ni gharama za shaba. Ziko nje ya bei ya shaba. Zimelipwa, apana na mnunuzi wa shaba kule ng'ambo, lakini na mlimaji.

Na Katiba yetu ya 2006 inasema nini? Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Kifungu cha 54 kinasema uchafuzi wowote unaotoka ku kazi ya uchumi lazima ulipiwe fidia ao urekebishwe. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 imeongeza kanuni ya mchafuzi-mlipaji. Kwa maandishi, Pigou amekwisha kufika Kongo. Ku mto bado.

"Lakini sosiete zinalipa!"

Ndiyo, zinalipa. Hapa watu wengi, hata sisi wenye diplome, tunachanganya pesa za aina tatu. Tuzitenganishe.

Ya kwanza ni redevansi ya madini. Kode minière ya 2002 ilibadilishwa na sheria ya tarehe 9 Machi 2018. Kwa shaba, redevansi ilipanda kutoka asilimia 2 mpaka 3,5. Kwa madini ya stratejia ni asilimia 10, na kobalti iliingizwa mu kundi hilo mwisho wa 2018. Pesa hizo zinagawanywa: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa eneo lenye mgodi (mji, komini, sekta ao shefferi), na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa mfano, sosiete iliyouza shaba ya dola bilioni 1 inalipa, kwa kurahisisha hesabu, milioni 35. Eneo lenye mgodi linapaswa kupata milioni 5,25. Si pesa za karanga.

Ya pili ni dotasio ya maendeleo ya jamii, asilimia 0,3 ya mauzo ya mwaka. Ku mfano wetu ni dola milioni 3 kila mwaka kwa jamii zinazoguswa na mradi. Pamoja nayo kuko kaye de sharje, yaani ahadi zilizoandikwa za shule, visima, barabara.

Ya tatu ni dhamana ya kurekebisha mazingira: pesa ambazo sosiete inapaswa kuweka pembeni tangu mwanzo, ili mgodi ukifungwa shimo na taka vitengenezwe.

Sasa lete maswali matatu. Redevansi inapima nini? Inapima bei ya shaba iliyouzwa. Ni bei ya mawe yetu, apana bei ya maji yetu. Sosiete inayosafisha maji yake vizuri na sosiete inayoyamwaga ovyo, kama zimeuza tani sawa, zinalipa redevansi sawa. Hata 0,3 ni vile vile. Kwa hiyo hakuna hata dola moja inayomwambia direkta wa kiwanda: "Nunua pipa." Kinyume chake, yule aliyenunua mashine ya kusafisha maji ameongeza gharama zake, na yule mchafuzi amebaki na faida. Sheria yetu, bila kutaka, inampa bonisi mchafuzi.

Hapa njo lawama yangu kubwa juu ya kode ya 2018. Mu vita vya kupandisha asilimia tulishinda, na nilifurahi kama wengine. Lakini tulipigania sehemu ya keki, hatukupigania moshi wa jiko. Tulisahau kwamba bei ya jiwe na bei ya uchafu ni vitu viwili. Mtu anaweza kulipa nyumba mwezi kwa mwezi bila kuchelewa, na bado hana ruhusa ya kuchoma mulango.

Ile dhamana, kwa wazo lake, inafaulu mtihani wa kwanza: ukiharibu unapoteza pesa, ukirekebisha unarudishiwa. Lakini inafanya kazi ku mwisho wa mgodi, miaka 20 ao 30 mbele, na raia wa Likasi hawezi kuingia ku biro yoyote ya komini akaonyeshwa: dhamana ya mgodi huu ni kiasi hiki, imewekwa benki hii. Dhamana isiyoonekana haimwogopeshi mtu.

Bila kodi njo tunalipa zaidi

Kuko ndugu wanaosema kiwango cha maisha kwanza, mazingira kisha. Ninawaelewa, juu mfuko mtupu hauna subira. Lakini angalieni majirani.

Tarehe 18 Februari 2025, kule Chambishi, Zambia, bwawa la taka la sosiete ya Sino-Metals Leach lilipasuka. Maji ya asidi yaliingia mu vijito mpaka mto Kafue. Samaki walikufa, mashamba ya mahindi ya kandokando yaliungua, na mji wa Kitwe ulikatiwa maji. Serikali ya Zambia ilituma ndege kumwaga chokaa mu mto ili kupunguza asidi. Fikiri bei ya kurusha chokaa na ndege, na bei ya kutengeneza ukuta wa bwawa kabla. Kisha Novemba 2025 zamu ilifika kwetu Lubumbashi: maji ya taka ya CDM yalitoka mpaka ku makao ya watu, na waziri wa madini akasimamisha kazi za sosiete hiyo. Kusimamisha ni dawa ya nguvu, lakini inakuja maji yakiwa yamekwisha kuingia nyumbani, na mfanyakazi wa siku naye anapoteza mshahara. Kodi inayopima uchafu kila mwezi ingezungumza mapema, na kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo swali halikuwa kamwe kulipa ao kutolipa. Tunalipa tayari, kwa mahindi, kwa samaki na kwa tumbo. Swali ni: bili iende ku adrese gani?

Wengine walifanya nini

Sweden iliweka kodi ya kaboni mwaka 1991. Lakini wakati ule ule ilipunguza kodi ya mishahara. Mwananchi aliona mkono mmoja unachukua, mwingine unarudisha. Kodi hiyo iko mpaka leo.

Kanada ilirudisha pesa nyingi za kodi yake ya kaboni moja kwa moja ku familia. Lakini wengi waliona bei ku stesheni ya mafuta kila siku na hawakuona pesa zilizorudi. Siasa ikawaka, na tarehe 1 Aprili 2025 serikali iliondoa sehemu iliyolipwa na raia. Somo: haitoshi kurudisha, lazima kurudisha kuonekane.

Kenya ni karibu zaidi. Mu mradi wa sheria ya fedha ya 2024 kuliingia kodi iitwayo eco levy, juu ya vitu kama simu, betri, matairi, hata pampers. Vijana wa umri wetu waliisoma sheria ile kifungu kwa kifungu, wakaifasiri mu lugha za watu, wakaingia barabarani. Tarehe 25 Juni waandamanaji walifika mpaka ndani ya Bunge, na watu walikufa. Kesho yake rais Ruto alisema hatatia saini. Kodi ya mazingira iliyowekwa juu ya pampers za mtoto, mu nchi ambayo bei ya chakula inawaka, ilikuwa inaomba hasira. Ilianguka pamoja na kodi zingine, na sasa neno "eco" kule limeharibika. Hiyo njo hatari ya kuweka kodi vibaya: unaua hata wazo lenyewe.

Majibu kwa wanaopinga

"Sosiete zitakimbia." Mwaka 2018 wakubwa wa sosiete walipanda mpaka Kinshasa kumwona rais Kabila, wakasema kode mpya itaharibu kila kitu. Je, nini kilitokea? Mwaka 2018 nchi ilikuwa inatoa shaba tani milioni 1 na kitu. Mwaka 2024 imepita milioni 3, na tumekuwa wa pili duniani nyuma ya Chile. Kiwanda cha mashati kinaweza kuhama. Shaba haihami. Iko pale Mungu aliiweka, chini ya miguu yetu.

"Na bachimbaji wa mikono? Nao banachafua." Kweli. Wanaosafisha mawe mu mito wanachafua, na wengi wao wanafanya vile juu kazi ingine hakuna. Lakini rudi ku swali la pili: mchimbaji ana njia ingine? Ukimpa mahali palipopangwa pa kusafishia, na dipo inayonunua ikalipa ku mlango wake, unamkamata mwenye pesa badala ya kumkimbiza kijana mwenye beshi. Kodi nzuri inafuata pesa mpaka pale zinapokusanyika.

"Ukiweka pesa, zitaliwa." Hii njo hoja nzito kupita zote, na sitaidharau. Ndiyo maana ninaona uwazi unakuja mbele ya asilimia. Ripoti za ITIE zimetuzoesha kusoma nani alilipa nini ku madini. Tunaweza kudai vile vile ku maji.

Ningefanya nini

Sina wizara, nina maoni tu. Haya hapa.

Kwanza, kipimo. pH ya maji na shaba iliyoyeyuka vipimwe kila mwezi juu na chini ya kila kiwanda, na hesabu ibandikwe ku mlango wa komini. Kifaa cha pH si roketi. Mwanafunzi wa agronomia wa mwaka wa pili anajua kukitumia. Bila kipimo, kodi yoyote ni kubahatisha.

Pili, kodi ifuate kipimo. Maji safi, sufuri. Maji machafu, bei inapanda na uchafu. Sosiete nzuri itafurahi, juu kwa mara ya kwanza usafi wake utakuwa na faida ku karatasi ya hesabu.

Tatu, pesa zake zifungwe mu kazi moja inayoonekana kwa macho: chokaa na mbolea ya asili kwa mashamba ya bonde. Si ndoto. Ku Penga-Penga, Lubumbashi, pale moshi wa kiwanda uliua majani yote, watu wa agronomia wa UNILU walijaribu kupanda miti na nyasi kwa kutia chokaa na mbolea ya asili mu mashimo. Chokaa inapandisha pH, mbolea ya asili inashika shaba isitembee. Chokaa iko kwetu Katanga. Mtu aliyekula hasara miaka yote aone kiloba cha chokaa kinafika shambani kwake, kimeandikwa kimetoka wapi.

Nne, makala. Karatasi nyingi za njiani ziondolewe, ibaki moja, ndogo, na anayeonyesha kwamba makala yake yametoka ku miti ya kupanda asilipe kitu. Akasia inavunwa kwa miaka michache tu. Mkulima atapanda akijua kiloba chake kitapita barieri bure. Na umeme wa kartie uingie mu mazungumzo kila mara Lufira inapotajwa. Siku mama atakuwa na kuran ya kuaminika, siku hiyo njo tutazungumza juu ya kodi kali ya makala, na mimi nitakuwa wa kwanza kuiunga mkono.

Kazi yetu sisi

Vijana wa Kenya hawakuwa na bunduki. Walikuwa na maandishi ya sheria, na uvumilivu wa kuyasoma. Sisi kode minière tunaitaja ku mabishano, lakini ni wangapi kati yetu wameshika ukurasa wa mgawanyo wa redevansi mkononi? Ni wangapi wamemwuliza bugumestre wao: ile 15 ya komini mwaka uliopita ilikuwa ngapi, na ilifanya nini? Anaweza kukataa kujibu mtu mmoja. Kukataa kujibu promosio nzima ni vigumu zaidi.

Kila mmoja wetu ana dada, mama ao shangazi anayenunua lengalenga ku soko bila kujua maji gani yaliinywesha. Hawezi kuuliza lengalenga. Lakini sisi tunaweza kuuliza kiwanda, komini na provensi, kwa kalamu, kwa hesabu, na kwa heshima. Mama wa makala amekwisha kulipa sehemu yake ku barieri. Sasa ni zamu ya wengine.